Jinsi Maneno Yanavyogeuzwa Katika Maulizo ya Kiingereza

Gakindu ni soko katika Mukurweini, upande wa kusini wa Nyeri, mahali penye mashamba ya kahawa na ng'ombe wa maziwa. Watu wa huko, kama watu wengi wa miji iliyo chini ya Mlima Kenya, hutumia lugha tatu kwa siku moja. Nyumbani husema Kikuyu. Sokoni na katika motokaa, wakikutana na mgeni, husema Kiswahili. Na barua ya kazi, cheti cha hospitali, karatasi ya mtihani na hati ya shamba huzikuta zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kuzijua vema lugha hizo mbili za kwanza hushika maneno ya Kiingereza upesi. Walakini liko jambo moja linalowasumbua wengi, hata waliokwisha maliza shule, nalo ni namna ya kuuliza.

Maneno wanayajua. Linalowashinda ni mahali pa kuyaweka. Mtu akimwandikia mwajiri wake "You have received my letter", ametoa habari kwamba barua imefika. Akiandika "Have you received my letter?" ameuliza kama imefika. Maneno ni yale yale matano, na yaliyobadilishana nafasi ni mawili tu ya mwanzo. Huyo wa kwanza huenda asijibiwe kamwe, kwa kuwa hakuuliza neno, naye atakaa miezi akidhani kwamba amedharauliwa.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza kutazama jinsi lugha zetu zinavyouliza. Katika Kiswahili, "Kamau amerudi" ni habari, na "Kamau amerudi?" ni swali. Hakuna neno lililohama. Sauti ndiyo iliyobadilika, na katika maandishi ni ile alama ya kuuliza tu. Msemaji akitaka swali lake lijulikane tangu mwanzo, hutanguliza neno moja dogo, akasema "Je, Kamau amerudi?" Neno hilo husimama mlangoni kama bawabu, halisukumi neno jingine lolote. Na yale maneno ya kuulizia, kama nini, nani, wapi na lini, kwa kawaida hukaa palepale ambapo jibu lake litakaa. "Unakwenda wapi?" "Ninakwenda Nyeri." Jibu limeingia katika kiti cha swali. Mtu aweza kusema pia "Ni wapi unakokwenda?" lakini hapo amekusudia kutia mkazo, na umbo la kitenzi nalo limebadilika.

Kikuyu nacho hakiko mbali. "Kamau nĩacoka" ni habari kwamba Kamau amerudi, na maneno hayo hayo kwa sauti nyingine ni swali. Mwenye shaka huweza kutanguliza neno "hihi". Aulizaye mahali husema "Ũrathiĩ kũ?" na neno la kuulizia likakaa mwisho kama wapi ya Kiswahili; au husema "Nĩ kũ ũrathiĩ?" akalileta mbele kwa kulitia "nĩ". Hiyo "nĩ" ina kazi nyingi katika Kikuyu, na waandishi wa sarufi wameishughulikia tangu zamani. Mmoja wao alikuwa A. R. Barlow wa misheni ya Kanisa la Scotland, aliyefanya kazi Tumutumu, karibu na Karatina, na kitabu chake cha kwanza cha sarufi ya Kikuyu kilitolewa mwaka 1914. Mtu aliyelelewa katika lugha hizi mbili hana sababu yoyote ya kutazamia kwamba swali litahitaji kuvunja mpango wa maneno na kuujenga upya.

Kiingereza ndivyo kitakavyo. Katika habari, mtenda hutangulia, kisha hufuata neno la tendo. Lakini mara nyingi neno la tendo haliji peke yake. Huja na msaidizi, neno fupi kama "is", "can", "will", "have" au "should". Katika swali, msaidizi huyo huruka akakaa mbele ya mtenda. "She can read" huwa "Can she read?" "They will come tomorrow" huwa "Will they come tomorrow?" Wasaidizi wakiwa wawili au watatu, wa kwanza peke yake ndiye aendaye mbele, na wenziwe hubaki nyuma. Mkulima aliyepeleka kahawa kiwandani asema "The coffee should have been weighed", yaani kahawa ilipasa kupimwa. Akitaka kuuliza atasema "Should the coffee have been weighed?" Ameondoka "should" tu. Neno "is" na ndugu zake, yaani "am", "are", "was" na "were", huruka hata kama hakuna tendo jingine la kusaidia: "Kamau is at home", "Is Kamau at home?"

Wengine hufundishwa kwamba kanuni ni kutwaa msaidizi wa kwanza katika sentensi na kumpeleka mbele. Kanuni hiyo hufaa kwa sentensi fupi, lakini hudanganya katika ndefu. Msomaji na atazame maneno haya: "The man who is carrying the milk is tired." Mtu anayechukua maziwa amechoka. Zimo "is" mbili. Kama ya kwanza ingehamishwa, yangetoka maneno yasiyo na maana kabisa, "Is the man who carrying the milk is tired?" Inayohama ni ya pili, kwa sababu ndiyo inayobeba habari yenyewe, na ile ya kwanza imo ndani ya maelezo ya mtu yule: "Is the man who is carrying the milk tired?" Mwaka 1987 wataalamu wawili, Stephen Crain na Mineharu Nakayama, walitangaza habari za kuwajaribu watoto wadogo wa miaka mitatu hadi mitano, ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao, kwa sentensi za namna hiyo. Watoto walikosea mara kwa mara kwa njia nyingine, lakini hawakuhamisha ile "is" ya ndani. Walikuwa wamekwisha kutambua, bila ya kufundishwa na mwalimu, kwamba sentensi si mstari wa maneno tu, bali ina vyumba vyake.

Hata hapa kazi bado ni nyepesi. Ugumu huanza pale ambapo habari haina msaidizi. "Kamau sells milk." Kamau huuza maziwa. Hakuna "is" wala "can" wala "will". Ni nani basi atakayeruka? Kiingereza cha leo hakikubali neno la tendo lenyewe liruke, kwa hiyo huita kibarua kutoka nje, neno "do", nalo huja kwa ajili ya kazi hiyo tu. "Does Kamau sell milk?" Kibarua huyo hana maana yoyote ya kutenda hapo. Hakuna awezaye kuifasiri "does" hiyo kwa Kiswahili, na mwalimu anayewaambia watoto kwamba "do" ni kufanya, kisha akaandika swali kama hili ubaoni, asistaajabu wakikodoa macho.

Sasa litazamwe jambo lililotokea katika mfano huo. Habari ilikuwa na "sells", yenye "s" mwishoni. Swali lina "does" yenye "s", lakini "sell" imeachwa tupu. Alama ya wakati na ya mtenda imehamia kwa kibarua. Ikiwa ni habari ya jana, "Kamau sold milk", swali lake ni "Did Kamau sell milk?" Wakati uliopita umo katika "did", na "sold" imerudi kuwa "sell". Ni kama mzigo mmoja na wachukuzi wawili: akiutwaa wa mbele, wa nyuma hutembea mikono mitupu. Kosa linalosikika kila siku ni kuwatwisha wote wawili, kama "Did Kamau sold milk?" au "Does he goes to school?"

Huenda kosa hilo lina asili yake katika mazoea ya lugha zetu. Mswahili husema "alikuwa amekwenda", na kila neno kati ya hayo mawili hubeba alama ya mtenda na alama ya wakati wake. Kwa mtu aliyezoea hayo, kuacha neno la pili bila alama ni kama kulitoa nje bila nguo. Kumwambia "umekosa" tu hakumsaidii. Husaidia aonyeshwe kwamba katika Kiingereza nguo ni moja na wavaaji ni wawili.

Watu wengi huuliza kwa nini Waingereza walijitia katika taabu hii. Zamani hawakuwa nayo. Kiingereza cha kale kilirusha neno la tendo lenyewe mbele ya mtenda, kama Kijerumani na Kiholanzi zifanyavyo hata leo. Mjerumani husema "Du kommst" akitoa habari kwamba unakuja, na "Kommst du?" akiuliza, amemaliza. Mwingereza wa mwaka 1400 angeweza kuuliza kwa mfano huo, kana kwamba twasema "Sells Kamau milk?" Tangu karne ya 15 neno "do" lilianza kuingia katika maulizo kidogo kidogo. Katika siku za Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, njia zote mbili zilikuwa zikitumika kwa pamoja, na mtu mmoja aliweza kuuliza hivi asubuhi na vile jioni. Kufika mwaka 1700 hivi, njia mpya ilikuwa imeishinda ile ya zamani karibu kabisa. Msomi mmoja wa Swideni, Alvar Ellegård, alihesabu mifano ya maandishi ya karne hizo, na kitabu chake juu ya neno hilo moja kilitolewa mwaka 1953. Ndiyo sababu mtu wa Nyeri asomaye Biblia ya Kiingereza iliyofasiriwa mwaka 1611 huona maulizo yasiyofanana na yale aliyofundishwa darasani. Kitabu kile ni cha wakati wa katikati, kabla ushindi haujakamilika.

Bado yako masalio. Wazee waliosomeshwa na Waingereza kabla ya mwaka 1963 huenda wakakumbuka "Have you any milk?", ambapo "have" ni kuwa na kitu, nayo imeruka yenyewe bila kibarua. Siku hizi wengi husema "Do you have any milk?" na ile ya kwanza imekuwa na harufu ya zamani. Si kosa, lakini muuza duka kijana akiisikia atajua kwamba mnunuzi wake ni mtu wa makamo.

Ingefaa pia ijulikane kwamba si Kikuyu na Kiswahili zilizo za ajabu. Katika ramani kubwa ya lugha za dunia iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, Matthew Dryer alipanga lugha 955 kwa namna zinavyouliza swali la ndiyo au la. Lugha 585 hutumia neno dogo la kuulizia, kama "je" yetu. Lugha 173 hutegemea sauti peke yake. Zinazogeuza mpango wa maneno ni 13 tu, na nyingi kati ya hizo ni za Ulaya. Basi mtoto wa Gakindu anayeona uzito katika "Does he" na "Did they" hana upungufu wa akili. Amekutana na desturi ambayo watu wengi wa dunia hawanayo, na bahati ilikuwa kwamba wenye desturi hiyo walisafiri mbali.

Maulizo ya "who", "what", "where", "when" na "why" yana mambo mawili kwa pamoja: neno la kuulizia huja mwanzo kabisa, kisha msaidizi huruka kama kawaida. "Where are you going?" "What did she buy?" Msemaji wa Kiswahili aliyezoea "Unakwenda wapi?" huelekea kusema "You are going where?" Jambo hili limekuwa la kawaida katika Kiingereza kisemwacho Kenya, na katika mazungumzo ya kila siku kila mtu hulielewa. Hapana haja ya kulipigia kelele. Lakini iko hatari moja ambayo hutajwa mara chache. Mwingereza naye husema "You are going where?" lakini kwa nafasi moja maalum, yaani anapostaajabu au hakuamini alichosikia, kana kwamba asema: wewe, unakwenda wapi, hebu sema tena! Kwa hiyo karani wa Nyeri akimwuliza mgeni wa ng'ambo "You want what?" kwa upole wote, mgeni aweza kusikia dharau ambayo karani hakuitia. Mmoja ameuliza kwa adabu, mwingine amekasirika, na hakuna mkosa kati yao.

Katika kundi hili mna mtego mdogo. Ikiwa neno la kuulizia ndilo mtenda mwenyewe, hakuna kuruka na hakuna kibarua. "Who came?" ni nani aliyekuja. "Who did come?" husemwa tu kwa mkazo, kama vile wengi walialikwa na wachache wakaja. Lakini "Who did you see?" yahitaji kibarua, kwa sababu mtenda ni "you", na "who" ni yule aliyeonwa. Mwanafunzi na ajiulize kwanza: nani ametenda? Ikiwa hilo ndilo analotaka kujua, mpango wa habari unatosha.

Halafu kuna swali lililofungwa ndani ya habari. Hapa mwanafunzi aliyekwisha kujitahidi, akajifunza kurusha maneno, huangushwa na juhudi yake mwenyewe. "He asked me where I was going." Aliniuliza ninakwenda wapi. Swali limo ndani, lakini sentensi yenyewe ni habari, na kwa hiyo hakuna kuruka. Kusema "He asked me where was I going" ni kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba. Hali ni hiyo hiyo katika "Can you tell me where the clinic is?" "Can" imeruka kwa sababu ndiyo swali la nje, "is" imebaki mwishoni kwa sababu imo ndani. Namna hii ndiyo ya adabu zaidi, nayo ndiyo ambayo mtu atahitaji mbele ya dirisha la ofisi, kwa hiyo yastahili mazoezi mengi kuliko inavyopewa. Kugeuza maneno ya msemaji kuwa habari kulikuwa sehemu ya mazoezi ya darasa la nane kwa miaka yote ya mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika shule za sekondari yangali yakifundishwa kwa ajili ya KCSE. Watahiniwa hao hukutana pia na kuruka kusiko kwa swali, kama "Never has the road been so bad", ambapo neno la kukana likitangulia, msaidizi hulifuata mbio. Hilo ni la vitabuni zaidi. Asiyelijua hatapotea njia.

Lililo zito kupita yote ni jibu la swali la kukana. Makosa yaliyotajwa hadi sasa humfanya mtu achekwe au asubirishwe. Hili laweza kumfanya aonekane mwongo.

Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukuuza maziwa jana?" naye hakuuza, kwa desturi atajibu "Ndiyo", yaani ndivyo usemavyo, sikuuza. Amelikubali neno la mwenye kuuliza. Kama aliuza, atajibu "La, niliuza." Kikuyu huenda kwa njia hiyo hiyo; "ĩĩ" ni kukubali kile kilichosemwa. Kiingereza hakitazami alichosema muulizaji. Hutazama tendo lenyewe. "Didn't you sell milk yesterday?" Aliyeuza hujibu "Yes", na asiyeuza hujibu "No", hata swali likiwa limekanushwa. Kwa hiyo mtu asiyeuza maziwa, akifikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, atasema "Yes", na msikilizaji ataandika kwamba aliuza.

Na tuseme sasa kwamba swali si la maziwa. "Didn't you sign this paper?" Hukutia sahihi karatasi hii? Mzee ambaye hajaiona karatasi hiyo maishani mwake ajibu "Yes", akikusudia kwamba ni kweli, hakutia sahihi. Mbele ya karani wa mikopo au wa mashamba amekiri. Au mganga amwuliza mama, "You haven't given the child any medicine?" naye ajibu "Yes", akikusudia kwamba hajampa. Mganga ataelewa kwamba dawa imekwisha tolewa. Neno moja limekwenda upande mmoja na maana imekwenda upande mwingine, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba wameachana.

Sheria imelitambua tatizo la lugha mahakamani, ijapokuwa haiwezi kuingia katika kila neno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kuwa na mkalimani bila malipo ikiwa haifahamu lugha itumikayo katika kesi yake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nayo yasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Basi katika Nyeri yenyewe mkalimani ni mtu wa kila siku, naye husimama mahali ambapo "ndiyo" ya Kikuyu hukutana na "yes" ya Kiingereza. Mkalimani mzoefu hafasiri neno hilo peke yake. Hungoja shahidi amalize, au huomba ruhusa ya kulirudia swali, kisha hutoa jibu zima: "No, I did not sign it."

Umuhimu wa kazi hiyo umeonekana katika kesi kubwa za nchi hii. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenziwe watano huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Dr. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akisema Kikuyu pamoja na rika lake. Mawakili wa washtakiwa, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilalamika juu ya ufasiri wake na juu ya upande aliokuwa akiuelekea, naye akajitoa Januari 1953. Ugomvi ule haukuwa wa mpango wa maneno ya maulizo, lakini ulidhihirisha kwamba hata mtu aliyezaliwa kati ya lugha mbili aweza kutiliwa shaka anapokuwa mlango wa pekee kati ya swali na jibu. Miaka minne baadaye, Novemba 1956, Dedan Kimathi alihukumiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu zake zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2017, zikihaririwa na Julie MacArthur. Mtu asomaye kumbukumbu za kesi kama hizo aona Kiingereza tu juu ya karatasi. Sauti ya jibu la kwanza, katika lugha ya mwenye kujibu, haikuandikwa.

Kwa asiye na mkalimani, iko dawa nyepesi, nayo hufaa ofisini, hospitalini na barazani. Aulizwapo kwa kukana, asijibu kwa neno moja. Na aseme sentensi nzima: "I did not sign it", au "I signed it." Sentensi nzima haiwezi kugeuzwa na mpango wa swali. Na anayeuliza, akiwa ni mtu wa huruma au hata mwenye kutaka ukweli tu, na aache kukana kabisa, aulize "Did you sign this paper?" Hapo ndiyo ya lugha zote tatu ni moja.

Kuna mkia mdogo unaofanana na hayo. Mswahili humaliza usemi kwa "sivyo?" na Mkikuyu kwa "tiguo?" na neno hilo moja hufaa kwa kila usemi. Kwa hiyo wengi husema "You sold the cow, isn't it?" Kiingereza cha shuleni chataka mkia ufuate mnyama wake: "You sold the cow, didn't you?" "She can read, can't she?" "They are not coming, are they?" Habari ikikubali, mkia hukana, habari ikikana, mkia hukubali, na kama hakuna msaidizi, yule kibarua "do" huitwa tena. Mkia wa "isn't it" haumpotezi mtu maana, ila hukata alama katika mtihani.

Waalimu wa shule za msingi katika sehemu za Mukurweini, Othaya na Tetu wanaweza kufanya zoezi moja lisilohitaji kitabu. Mwalimu hutwaa habari moja ya kijiji, kama "The lorry brought fertiliser on Monday", lori lilileta mbolea Jumatatu, na watoto hujipanga mbele ya darasa, kila mmoja akiwa neno moja. Anaposema "swali", mtoto aliyekaa pembeni, ambaye jina lake ni "Did", hukimbia akasimama mwanzo wa mstari, na yule aitwaye "brought" hugeuza karatasi yake ikasomeka "bring". Akisema "lini", mtoto aitwaye "When" humpita hata huyo "Did", na wale watoto wawili, "on" na "Monday", huenda kuketi, kwa kuwa wao ndio jibu.